Fungu la Msafiri

Kwanza ulisikika mfuniko. Bati liligusa bati mara moja, kwa woga, kama mtu anayebisha mlango asiotaka ufunguliwe. Kikapita kimya, kisha likagusa tena. Nyamizi alikuwa macho gizani, shavu juu ya kiganja, akisubiri sauti ya tatu, ile ya kijiko. Ilipokuja alitabasamu. Kalunde alikuwa ameshafika jikoni, anakula fungu la baba yake.

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya kata ya Magenge. Zamani za mababu, wanaume walipokuwa wakiitwa genge kwa genge kwenda kutandika reli, na mtu akiondoka hujui atarudi na mvua ipi, kila nyumba yenye mtu safarini ilimpakulia. Chakula chake kilitiwa kwenye sahani yake, kikafunikwa, kikalala jikoni karibu na mafiga. Alfajiri, mtoto mdogo kuliko wote ndani ya nyumba alikifunua akakila, bila kuambiwa na bila kumshukuru mtu. Walisema mtoto akila fungu la msafiri, msafiri huko aliko haanguki njiani. Reli zilishazeeka, zikang'olewa, zikayeyushwa zikawa vitu vingine. Fungu la msafiri lilibaki.

Msafiri wa nyumba hii alikuwa Maganga, na safari yake haikuwa ya reli. Alikuwa fundi wa vioo. Huko juu, ambako hata tai hakujui, kuna safu ya vioo vinavyolirushia jiji la Kalangasa jua hata baada ya jua lenyewe kuzama, ili mashamba ya umeme yasilale. Vioo hutobolewa na vijiwe vya angani, na lazima awepo mtu wa kuvishona. Nusu ya vijana wa Magenge walipanda kwenda kuvishona. Mkataba ulikuwa wa misimu mitatu ya mvua. Msimu wa tatu ulipita, kampuni ikasema chombo cha kuwarudisha kinatengenezwa. Kisha sauti zao, zilizokuwa zikifika kila mwezi unapoandama, zikakatika, na kampuni ikasema mawasiliano yanarekebishwa. Neno hilo Nyamizi alilijua sasa kama anavyojua ladha ya mwarobaini.

Kalunde alirudi kitandani, mdomo ukinukia njugu mawe, akajisogeza kwenye tumbo la mama yake. Akauliza kama baba ameshiba. Nyamizi akasema ameshiba sana. Kisha mtoto akauliza jambo jingine, kwa sauti ya mtu aliyelifikiria: kama baba yupo, kwa nini chakula chake anakila yeye, na kama hayupo, kwa nini kila jioni wanauambia mlango kuwa yupo.

Nyamizi alimfunika hadi mabegani, akamwambia alale, hakujakucha.

*

Kwenye ukumbi wa Ofisi ya Mipango, alikofanya kazi Nyamizi, kulikuwa na meza kongwe ya mbao yenye matundu. Kila tundu lilipitisha uzi, na chini ya kila uzi lilining'inia jiwe. Juu ya meza nyuzi zote zilikutana katika fundo moja. Mwalimu wa masomo ya jioni ndiye aliyemwonyesha Nyamizi meza ile, enzi alipokuwa akihudhuria darasa na Kalunde amelala mgongoni. Alisema kila tundu ni mtaa, na kila jiwe ni uzito wa watu wake. Ukiliachia fundo, mawe yanavutana, kila moja likitaka fundo liende kwake, na pale fundo linapotulia ndipo pa kujenga, maana ndipo jumla ya nyayo za watu wote inapokuwa ndogo kuliko popote pengine.

Mashine waliyoiita Mizani ilifanya kazi hiyohiyo, ila mawe yake yalikuwa nyumba zote za Kalangasa, na fundo lake lilikuwa jengo zima. Safari hii jengo lilikuwa Nyumba ya Uzazi: vitanda, wakunga, maji ya moto, chumba cha upasuaji, vyote vimebebwa juu ya miguu minene ya chuma. Likipangiwa mahali, lilitembea lenyewe, taratibu kama ng'ombe aliyekaribia kuzaa, likafika, likakunja miguu, likakaa hapo miaka mitano. Watoto walilipa jina la Mama Magoti, na hata wakubwa wa ofisi walishasahau jina lililo kwenye mkataba.

Mawe ya Mizani yalitoka milangoni. Kabla Nyamizi hajazaliwa, jiji lilikuwa na masikio ndani ya kuta, likisikia watu wakikohoa, wakigombana, wakibembelezana. Watu wakazibomoa kuta. Tangu hapo sheria ikawa fupi: jiji liulize, lisisikilize. Kila jioni mlango wa kila nyumba unauliza, mko wangapi leo, na jibu la kwanza kutoka ndani ndilo hesabu, limetoka kwa bibi au kwa mtoto. Hakuna afisa wa kulibishia.

Jumapili jioni hesabu ingefungwa. Na fundo la Mizani, kwa uzito wa siku ile, lilikuwa limetulia Magenge, kwenye uwanja wa karakana ya zamani ya treni, mahali ambapo Nyamizi akisimama mlangoni kwake angeweza kumwita mkunga kwa jina.

Aliliona fundo lile kwenye kioo cha Mizani akashindwa kuficha uso wake. Kalunde alizaliwa juu ya mkokoteni wa chokaa. Miaka ile Mama Magoti alikuwa amekaa ng'ambo ya jiji, uchungu ukaanza, wakapanda mkokoteni wa jirani, na kilima kikawashinda. Maganga alishika taa kwa meno ili mikono yake yote miwili impokee mtoto. Baadaye, wote watatu weupe kwa chokaa kama mizimu, alicheka akasema siku moja jumba lile litakuja kupiga magoti hapa, mbele ya mlango wetu, na utakwenda kuzaa umevaa kandambili.

"Unalia au unacheka?" akauliza Bwana Ndimila, mkuu wake wa kazi, mtu mpole mwenye tabia ya kusimama nyuma ya viti vya watu.

Nyamizi akasema ni vumbi. Bwana Ndimila akamwachia vumbi lake, akamkumbusha kuwa kabla ya Jumapili lazima mpaka wa eneo la huduma upitiwe kwa miguu, na kwamba zamu ni yake kuvaa mimba.

*

Mimba ilikuwa mfuko wa turubai uliojazwa mchanga, wenye mikanda ya kufungia mabegani na kiunoni. Ofisi ilijifunza kwa kuumia kwamba ramani hudanganya. Ramani inahesabu njia kama kunguru arukaye moja kwa moja. Haijui mwanamke wa miezi tisa anavyoshuka korongo kwa kukaa. Kwa hiyo kila mpaka ulipitiwa na mpimaji aliyevaa mimba ya mchanga, kutoka nyumba ya mbali kabisa hadi penye fundo, na kasi yake ndiyo iliyopewa Mizani. Wenzake walimsindikiza hadi getini wakimpigia vigelegele na kumuuliza anataka wa kiume au wa kike.

Nyumba ya mbali kabisa ilikuwa Mbugani, kata ya bondeni, ambako watu walijenga mpaka penye matope. Huko ndiko mwanamke aitwaye Holo alikomkuta. Alikuwa wa umri kama wake, miguu imevimba, tumbo limeshuka, la kweli. Alimtazama Nyamizi juu hadi chini, akagonga ule mchanga kwa kidole.

"Na baba yake ni nani?" akauliza. "Fundi cherehani?"

Nyamizi alicheka hadi mikanda ikamlegea. Holo akamkazia, akasema watakwenda wote. Kama huko ndiko atakakotakiwa kuzalia, heri aijue njia kabla uchungu haujamchanganya akili. Wakaondoka pamoja, mimba mbili njiani, watoto wa Mbugani wakiwafuata nyuma na kuhesabu kwa sauti ni nani atakayepumzika kwanza.

Waliposhika korongo watoto waliachwa nyuma. Walishuka kwa kukaa, mmoja akimshikia mwenzake kandambili. Chini kabisa palikuwa na jiwe bapa. Holo alikaa juu yake bila kulitafuta, kama anayekaa kwenye kiti cha nyumbani kwake, akapitisha kiganja pembeni mwa jiwe akilipangusa mchanga.

"Mwaka juzi niliishia hapa," alisema. "Alitoka mzima, vidole vyote. Hakulia tu."

Nyamizi alisogea penye jiwe. Alikaa naye. Mchanga ule tumboni ukawa mzito kuliko ulivyokuwa.

Walipoanza kupanda, Holo alirudia utani wake, labda kwa kumhurumia mgeni. Akaeleza kwamba kwao nyumba moja hulaliwa na ukoo mzima, mtu akigeuka wote wanageuka. Na bado anasikia Mizani imesema Magenge kuna watu wengi kuliko Mbugani. Alitaka kujua wanawaweka wapi. Yeye huuza mboga soko la Magenge kila gulio, na anachoona ni wanawake na vikongwe na nafasi ya kutosha kupitisha ng'ombe. Au ndio hao wanaozaliwa usiku na kukua kabla ya asubuhi?

"Wewe kwako mko wangapi?" akauliza.

"Watatu," akasema Nyamizi. Lilitoka lenyewe. "Mimi, mwanangu, na mume wangu."

"Anafanya kazi gani?"

"Yuko kwenye vioo."

Holo alisimama. Akatazama juu, angani palipokuwa na mwanga mtupu wa mchana, akamtazama tena Nyamizi, mdomo ukafunguka nusu kama mtu mwenye neno. Akainama akaokota fimbo, akampa ajikongoje nayo, na sehemu iliyobaki walikwenda wakihema tu.

Karibu na karakana waliagana. Holo alikuwa amechelewa sana kwao; ilimbidi akalale kwa shangazi yake, arudi kesho. Alimsaidia Nyamizi kuweka vizuri mkanda wa bega.

"Haya mwenzangu," akasema. "Wewe yako utaivua jioni."

*

Jioni ile Nyamizi hakuivua. Aliingia Magenge nayo, polepole, wakati milango inaanza kuuliza. Milango ya mtaa huulizana kwa zamu, kuanzia mwanzo wa mtaa hadi mwisho, mmoja ukimaliza ndipo mwingine unaanza, na sauti yao ni moja, ya mwanamke asiye na umri. Alikuwa ameisikia tangu utoto wake kama mtu anavyosikia jogoo. Siku hiyo aliisikiliza.

Mlango wa Siwema ukauliza. Siwema akajibu watano, na Nyamizi akamwona kupitia dirishani, yeye na wanawe wawili. Mlango wa Bi Kashindye ukauliza. Bi Kashindye, anayekaa na mkwewe mmoja tu, akajibu wanne kwa sauti ya upole, kama anayewaita mezani. Mlango wa mzee Sizya ukauliza. Mzee Sizya alikuwa peke yake, amekaa kizingitini anajikuna goti. Vijana wake wote walipanda. Akageuza shingo ndani ya nyumba tupu akasema, "Sita."

Hakuna aliyekuwa akidanganya. Hilo ndilo lililomfanya Nyamizi ashike ukuta. Mtu aliyepakuliwa chakula yupo. Utamwachaje kwenye hesabu na sahani yake iko jikoni? Kila nyumba ilimhesabu wa kwake tu, na kila nyumba ilidhani ni yenyewe tu. Mlango baada ya mlango, Magenge ilikuwa imewarudisha vijana wake wote chini, ikawalaza vitandani, na kutamaniwa kwao kukawa jiwe, jiwe likavuta uzi, uzi ukavuta fundo, na fundo likatoka Mbugani kwenye matope likaja kutulia mbele ya mlango wake.

Nyumba yake ilikuwa ya kwanza kabisa mtaani, na zamu yake ilikuwa imeshapita. Jirani aliyemkalia Kalunde alikuwa amemjibia. Alimuuliza alijibu nini. Jirani akashangaa swali. Alijibu kama kawaida, akasema, watatu.

*

Kesho yake alimweleza Bwana Ndimila. Hakumweleza yote, ila mkuu wake alielewa yote. Alikaa, jambo asilolifanya mara nyingi, akasema sheria ni neno la mwenye nyumba, na yeye hawezi kuligusa. Lakini mpimaji wa mpaka ana ruhusa moja: anaweza kuiwekea kata alama ya shaka. Alama ikiwekwa, wahesabu wataingia nyumba kwa nyumba kutazama vitanda, na jina lisilokuwa na pumzi litafutwa. Usipoiweka, hakuna mtu duniani atakayejua.

"Una mtoto pale," alisema. "Huenda siku moja ukapata mwingine. Ukinyamaza, mama, mimi sitakuuliza."

Hilo lilimuuma kuliko kama angekemewa.

Jumamosi alikwenda barazani kwa Bi Kashindye, ambako wanawake hukaa wakichambua njugu. Kalunde akaenda naye, akachutama pembeni na kuziokota zilizoruka. Nyamizi aliwaeleza polepole: fundo, mawe, sahani zilizofunikwa, Holo. Alipofika kwenye jiwe bapa la korongoni aliimalizia habari kwa mkono.

Siwema ndiye aliyeanza. Alisema masomo ya jioni yamemwonyesha mwenzao giza tu. Mtu unapewa mkunga mlangoni unamwambia hapana, pita, nenda bondeni. Mwingine akasema hao wa Mbugani nao wanajua kusema uongo, nani aliwahesabu. Mwingine akauliza, bila kumtazama, kama ofisi imemwahidi cheo.

Bi Kashindye alikuwa bado anachambua. Wanawe wawili wa kiume walikuwa juu, na ndiye aliyewafundisha wengi wa wale wanawake namna ya kufunika sahani.

"Nani kazaa mwisho hapa Magenge?" akauliza.

Wakatazamana. Wakafikiri. Siwema akafungua mdomo kumtaja kitinda mimba wake, kisha akakumbuka kuwa anakwenda shule. Njugu zilisikika zikianguka kwenye ungo.

"Nilijua hatuna mimba," akasema Bi Kashindye. "Sikuwa mjinga. Namtaka Mama Magoti kama unavyotandika kitanda cha mtu ambaye hajafika. Ukishatandika, anakuja. Nikiamka nikaliona lile jumba pale karakana, nitajua hata jiji linaamini kuwa wanangu watarudi kuzaa."

Nyamizi alipiga magoti mbele yake, akashika ukingo wa ungo.

"Bibi, kitanda hicho kuna mtu amesimama nje anakihitaji leo."

"Ukimtoa mtu kwenye hesabu umemtoa mlangoni."

"Sitaweka alama. Sitaruhusu wageni waje kuwafuta. Kama ni kusemwa, tuliseme wenyewe, au lisisemwe."

Yule mama mzee alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu, ila mikono ilikuwa imesahau njugu.

"Mimi siwezi kuwa wa kwanza kuwatoa wanangu," alisema. "Usiniombe hilo. Lakini mtaa unaanzia kwako, mjukuu wangu. Mlango wako ndio wa kwanza kuulizwa. Kesho nitakaa hapa na nitausikiliza."

Njiani kurudi, Kalunde aliuliza mtoto wa yule mama wa korongoni anakulia wapi sasa. Nyamizi akasema hakui, mama. Mtoto akatembea akipiga kokoto kwa kidole gumba. Akauliza tena kama, wakiuambia mlango baba hayupo, mlango utakataa kumfungulia siku akija.

Nyamizi akasimama katikati ya njia. Hilo ndilo lililokuwa likimkaba yeye mwenyewe tangu korongoni, na hakuwa amejua jina lake. Alichuchumaa wakawa uso kwa uso.

"Mlango ni wa jiji," alimwambia. "Unauliza ya leo tu. Kesho utauliza tena, na siku baba akija tutaujibu vingine. Sahani ni yetu. Sahani haiulizwi na mtu."

Alilisema vizuri sana. Akatamani angekuwa na uhakika nalo.

*

Jumapili alipika mapema. Ugali, mlenda wa karanga, na samaki mmoja mkavu aliyekatwa vipande vitatu. Alitandika mkeka karibu na mlango, akapanga sahani: yake, ya Kalunde, na ile ya bati yenye ukingo wa bluu uliobanduka, ambayo Maganga aliwahi kuiangusha siku ya harusi yao akasema sasa imezoea nyumba.

Nje mtaa ulikuwa kimya kama wa msiba. Wanawake walikuwa mabarazani, kila mmoja kwake, na hakuna aliyejifanya ana kazi. Hata mzee Sizya alikuwa ameisogeza stuli yake. Jua lilizama. Muda si mrefu vioo vikatokea upande wa mashariki, kama kawaida, nukta moja, halafu nyingine, halafu mstari mzima uking'aa na kwenda, kama shanga zinazovutwa na mtu asiyeonekana. Kila jioni Nyamizi aliichagua nukta moja ikawa yake. Leo aliitafuta hakuipata. Zote zilikuwa zake.

Alifikiri habari ya Holo, saa hizi, akitafuta namna ya kulala na tumbo lile katika chumba ambacho mtu akigeuka wote wanageuka. Alifikiri habari ya taa iliyoshikwa kwa meno. Maganga angesema nini? Alijaribu kumsikia, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuja sawasawa. Ilikuja kwa mbali, kama kupitia maji. Kumbe ndivyo inavyoanza, aliwaza. Kumbe mtu hupungua hivihivi, hata kwenye nyumba inayompakulia.

Alimpakulia. Alichagua kipande cha katikati cha samaki, kile chenye nyama, akamwagia mlenda, akaitwaa ile sahani kwa mikono miwili na kuiweka kando. Akachukua mfuniko. Bati likagusa bati.

Mlango ukakohoa kidogo, kama unavyofanya kabla ya kusema.

"Mko wangapi leo?"

Nyamizi alifungua mdomo. Ulimi ulikuwa umeshakaa pale unapokaa kila jioni, tayari kwa lile neno, na alipoulazimisha kwenda kwingine haukwenda. Alijaribu tena. Barabarani hakuna aliyekohoa. Aliona mkono wake bado uko juu ya mfuniko, unaubonyeza, kana kwamba chini yake kuna kitu kinachotaka kutoka.

Mlango ulisubiri. Ulifundishwa kusubiri. Kisha ukauliza tena, kwa sauti ileile isiyo na umri, mko wangapi leo.

Kalunde aliweka tonge chini. Alimtazama mama yake, akatazama sahani yenye ukingo wa bluu, akahakikisha kuwa imefunikwa vizuri, kuwa alfajiri ataikuta. Akainuka, akaenda akasimama mbele ya mlango, mikono nyuma kama walivyofundishwa shuleni kusimama wakiulizwa swali, akainua uso.

"Leo tuko wawili."